Gogo liko chini: ulipasue kwa kutumia nini, na mbao uzikaushie wapi? Ulinganisho kwa watu wa Tabora

Kila msimu Tabora inaacha magogo. Mwembe wa uani umeng'olewa na upepo wa mvua za kwanza, mjohoro umekatwa kwa sababu uliegemea waya za umeme, mikaratusi ya shule imeondolewa kupisha darasa jipya. Mengi yanaishia kuwa kuni na mkaa, si kwa sababu hayafai, ila mwenye gogo hajui aanzie wapi. Amwite mpasuaji wa msumeno wa mkono? Amkodi mwenye chensoo? Atafute lori apeleke kwenye mashine? Akishapasua ndipo linamjia swali la pili: mbao mbichi zikae wapi mpaka zikauke?

Mimi naona hilo la pili lingetangulia. Mbao nyingi zinazoharibika huku kwetu hazikuharibiwa na msumeno. Ziliharibika wiki za mwanzo baada ya kupasuliwa, zikiwa zimeegemezwa ukutani juani au zimelazwa chini moja juu ya nyingine. Hesabu nitaitoa mbele, uone mwenyewe.

Karatasi kwanza

Mti kuanguka wenyewe hakumaanishi kwamba ni wako kuufanya utakavyo. Mninga na miti mingine ya asili inasimamiwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kibali utakitafuta Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mti wa barabarani au wa taasisi una mwenyewe, hata kama umelala chini mwezi mzima. Mwembe wa uani kwako ni habari nyingine, lakini ukitaka kupakia gogo au mbao kwenye lori, pita ofisini uulize ni hati gani utakayodaiwa njiani. Na miembe mizee iliyobaki kwenye njia ya misafara ya zamani, ile ya kuelekea Ujiji, ni kumbukumbu ya watu wote. Ukiikuta imeanguka, toa taarifa kabla hujaita fundi.

Tunapima nini

Upasuaji nimeupima kwa mambo matano: msumeno unakula mti kiasi gani, mbao zinatoka na unene sawa au la, gharama pamoja na usafiri, kasi, na hatari. Ukaushaji nimeupima kwa muda, mtaji, ukavu unaofikiwa, na uwezekano wa mbao kupasuka au kuliwa na wadudu. Bei sitaji, kwa sababu inategemea mtaa, msimu na jinsi mtakavyopatana.

Soma gogo kabla ya kuita mtu

Miti ya mjini imepigiliwa vitu. Mwembe wa shule ulining'inizwa rimu ya gari iwe kengele, wa nyumbani ulifungiwa waya wa kuanika nguo, na miaka inavyopita mti unafunika chuma chote kwa nyama yake, nje usione kitu. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, uipitishe polepole juu ya gome, hasa usawa wa kifua cha mtu, maana huko ndiko watu hupigilia misumari. Sumaku hiyo hainusi chuma kilichozama sana, kwa hiyo angalia pia ncha za gogo: kwenye mti wenye tanini nyingi (kemikali ya mti inayotia weusi ikigusana na chuma) kama mkaratusi, doa la bluu iliyoiva kuelekea nyeusi mara nyingi lina msumari nyuma yake.

Kisha ziba ncha siku hiyohiyo. Maji hutoka kwenye ncha za gogo haraka kuliko ubavuni, na nyufa huanzia hapo. Rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo inatosha, lakini mkoa huu wa asali una kitu kizuri zaidi: nta. Iyeyushe kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, isiguse moto wenyewe, uipake kwa brashi kuukuu mpaka mti usionekane.

Msumeno wa mkono

Watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, gogo likiwa juu ya shimo au limeinuliwa kwenye jukwaa la miti. Wanabandua gome, wanachonga gogo lipate uso, halafu wanapiga uzi. Hapa ndipo utakapomjua fundi. Kamba nyembamba imelowekwa kwenye maji meusi ya unga wa betri kuukuu za tochi. Inakazwa toka ncha hadi ncha, inavutwa juu kwa vidole viwili, inaachiwa. Mstari unalala juu ya mti, mweusi, umenyooka. Kisha gogo linageuzwa, na upande wa chini unapigwa mstari wa pili unaoonana na wa kwanza. Wa juu anafuata mstari wake, wa chini wake. Mistari ikipishana, ubao unatoka mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na hakuna randa itakayourudisha.

Msumeno wenyewe unakula kidogo, milimita 3 au 4. Unene unategemea mikono: wazoefu wanakutolea mbao za kuridhisha, wanaojifunza wanakuachia mawimbi. Mafuta hayahitajiki wala lori, malipo hupatanwa kwa ubao au kwa futi, na kazi inafanyika palepale mti ulipoangukia. Kasi ndiyo udhaifu wake. Gogo kubwa la mwembe ni kazi ya siku kadhaa. Hatari ni gogo kuteleza na kumwangukia wa chini, kwa hiyo kagua jukwaa na kabari kabla hajaingia, hata kama wenyewe wanakuambia "hamna shida mzee, tumezoea." Njia hii inamfaa mwenye gogo moja au mawili mahali ambapo gari halifiki. Tatizo ni kuwapata wapasuaji stadi.

Chensoo

Tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kupasua kwa jicho, msumeno umeshikwa mkononi bila kitu cha kuuongoza, na kuna kupasua kwa fremu ya chuma inayobana ulimi wa msumeno na kupimia unene. Ya kwanza inatosha kwa mirunda na mbao za kujengea uzio. Kwa samani, hapana. Ukisikia mtu anailaumu chensoo kwa mbao mbovu, mara nyingi analaumu kukosekana kwa fremu.

Mnyororo unakula milimita 8 hadi 10 kila ukipita. Ukiwa na fremu, na mkato wa kwanza ukaongozwa na ubao ulionyooka au ngazi iliyofungwa juu ya gogo, unene unatoka sawa vizuri. Mashine inabebeka hata kwa baiskeli mpaka shambani. Gharama ni petroli, oili na kunoa, maana kupasua kwa urefu kunaichosha injini kuliko kukata kwa kukingama. Kwa gogo nene usikubali chensoo ndogo ya kupogolea matawi, tafuta ya cc 70 au zaidi. Mnyororo wa dukani umenolewa kwa kukatia kwa kukingama, pembe ya nyuzi 25 hadi 30 au zaidi kidogo. Kwa kupasulia, mafundi hushusha pembe hadi karibu nyuzi 10, na ubao unatoka laini zaidi. Muulize utakayemkodi amenoa vipi. Jibu lake litakuonyesha kama amewahi kupasua mbao au amezoea kuni tu.

Gogo la ukubwa wa kawaida linaisha kwa siku moja. Hatari yake ndiyo kubwa kuliko zote: mnyororo kuruka nyuma, moshi unaovutwa saa nzima, kelele zinazoua masikio taratibu. Asiye na buti, miwani na vizibo vya masikio asianze. Muulize pia kama ana ruhusa ya kutumia chensoo hiyo, yasije yakakukuta wewe mwenye gogo. Njia hii inamfaa mwenye magogo yaliyotawanyika, anayetaka vipande vinene vya meza na mabenchi, na asiyeumia akiona rundo kubwa la vumbi.

Mashine

Kwenye mashine ya bendi utepe wa chuma wenye meno unakula milimita 2 au 3. Ya duara inakula zaidi, milimita 5 na kuendelea, lakini ina nguvu na inavumilia. Unene ni sawa toka ubao wa kwanza hadi wa mwisho, na kazi ni ya saa chache. Kinachouma ni kufika huko. Gogo bichi la mwembe lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 3 haliko mbali na kilo 800, na kulipandisha kwenye gari kunataka watu, magogo ya kuviringishia na kamba imara. Mwenye mashine naye ana hofu yake: msumari mmoja unamalizia utepe. Wengine hukataa kabisa miti ya mjini, wengine hukubali kwa sharti kwamba utepe ukikatika unalipa wewe. Mpatane kabla gogo halijapanda mezani. Hatari kwako ni ndogo, mradi usimame mbali na utepe. Mashine inamfaa mwenye magogo mengi, yaliyonyooka, yasiyo na chuma. Yakiwa mengi kweli, kama ya shule iliyokata mikaratusi safu nzima, ulizia mashine ya kuhamishika ije hapohapo.

Sasa hesabu niliyoahidi. Ukitaka ubao wa inchi moja ukiwa mkavu na umepigwa randa, pasua milimita 30 ili kuwe na akiba ya kusinyaa na ya randa. Kwenye gogo lenye sentimita 40 za kufaa, chensoo inayokula milimita 9 inakupa mbao 10, msumeno wa mkono unaokula 4 unakupa 11, na bendi inayokula 2 na nusu inakupa 12. Tofauti kati ya njia ya anasa na njia ya fujo ni mbao mbili. Kukausha ovyo kunaweza kukunyang'anya nusu ya rundo. Ndiyo maana nashangaa mtu anapozunguka mji mzima kutafuta mashine nzuri, halafu mbao zake anazimwaga chini ya dirisha.

Mti wenyewe nao una sauti

Mwembe unaoza kabla hujaamua. Ukikaa na gome lake wakati wa mvua, ukungu wa bluu unaingia ndani na wadudu wanatoboa. Miezi michache baadaye utaona vijitundu vinavyotema unga. Upasue ndani ya wiki chache, uvue gome, upake dawa ya mbao mapema. Wapo wanaoipenda michirizi ya ukungu kwenye meza, na ni kweli hupendeza, lakini ukungu ukizidi unakuwa uozo.

Mkaratusi una hasira. Ndani ya mti uliosimama kuna mkazo, na ukiukata unafunguka: ncha zinapasuka nyufa za nyota siku ileile, ubao unajipinda ukiwa bado kwenye msumeno. Dawa yake ni kupasua mapema, kuligeuza gogo ukitoa ubao upande huu kisha upande wa pili, na kuacha moyo wa gogo ubaki kwenye nguzo moja ya katikati ambayo hutaitarajia iwe samani. Kama gogo ni jembamba, chini ya sentimita 25 hivi, mimi nisingelipasua. Litumie kama nguzo.

Mninga ndio mpole kuliko wote: unasinyaa kidogo, unatulia, ingawa vumbi lake linawasumbua baadhi ya watu kifua na ngozi. Mjohoro ni mgumu na vumbi lake linawasha, ila rangi ya moyo wake inalipa jasho lote. Mgrivea unapasuka kwa urahisi na hauna makuu.

Gogo lenye shimo ndani? Kabla hujalitia msumeno, gonga usikilize. Tabora hii, nyuki wanaweza kuwa wametangulia. Gogo tupu ambalo kwa mpasuaji ni hasara, kwa mfugaji wa nyuki ni mzinga.

Banda la kivuli

Nguzo, bati, pande zote wazi. Mbao zinapangwa juu ya msingi ulioinuka angalau sentimita 40 kutoka chini, kwa ajili ya mchwa na matone ya mvua yanayorukia. Kati ya safu na safu unaweka vijiti vikavu vyenye unene wa sentimita 2 hadi 2 na nusu, kila sentimita 40 hadi 60. Kwa mkaratusi na mbao nyembamba visogeze karibu zaidi. Vijiti vyote visimame mstari mmoja toka chini hadi juu. Hapo ndipo watu hukosea: kijiti cha juu kikipishana na cha chini, uzito unaukunja ubao, nao unakauka hivyohivyo umekunjika. Cha mwisho cha kila ncha kiwe mwishoni kabisa mwa ubao. Juu ya rundo weka mawe au tofali.

Mtaji ni mdogo. Muda unategemea kalenda. Mbao za inchi moja zilizopangwa mwezi wa tano zina kiangazi chote mbele yake, na nyingi zitakuwa kavu kabla ya mvua za Novemba. Za inchi mbili zihesabie muda mrefu zaidi, huenda hadi kiangazi kinachofuata. Zilizopangwa Desemba zitalala na unyevu hadi Aprili, ukungu ukizitembelea. Ukavu unaofikiwa ni ule wa hewa yenyewe: kiangazi cha Tabora kinaweza kushusha unyevu wa mbao chini ya asilimia 12, masika yanaurudisha juu. Kigoma, kwa kuwa kuna ziwa, wasitegemee kushuka haraka kama sisi. Na upepo wa Septemba ukiwa mkali, funika pande za rundo kwa magunia, la sivyo uso wa mbao utakauka na kupasuka huku tumbo lake likiwa bado bichi.

Tanuri la jua

Ni kijumba cha mbao kilichofunikwa nailoni ngumu inayoangaza, ndani yake kuna bati lililopakwa rangi nyeusi na feni inayozungusha hewa, pamoja na matundu ya kutolea unyevu. Mchana kunapanda joto, usiku kunapoa, na kule kupoa kunaupumzisha mti. Mbao za inchi moja zilizokwisha kupunga hewa banda la kivuli zinaweza kumalizika kwa wiki chache, hata mvua zikiwa zinanyesha, ingawa siku za mawingu zinachelewesha.

Mtaji ni mkubwa zaidi: nailoni, feni, na umeme au sola ya kuiendesha, na nailoni huchanika baada ya misimu michache. Ukichukua ramani ya tanuri kutoka nchi za baridi, angalia paa lake. Wao huliinamisha sana kwa sababu jua lao liko chini upande mmoja. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini, kwa hiyo mwinamo wa kumwaga maji ya mvua unatosha. Ukavu wake ndio unaofaa kabati na milango. Hatari yake ni haraka: mkaratusi mbichi ukiingizwa moja kwa moja unabonyea na kupasuka ndani kwa ndani. Uanze kivulini mpaka unyevu wake ushuke hadi asilimia 25 hivi.

Bani la tumbaku

Watu wa Urambo, Kaliua na Sikonge huniuliza hili kila mara: bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, limekaa tupu baada ya msimu, kwa nini tusiwashe moto tukaushie mbao? Kwa sababu bani limejengwa kupandisha joto kwa ajili ya majani, si kwa ubao mnene. Ukiliwasha, uso unakauka na kuwa gamba, ndani kumebaki maji, na siku fundi akipasua ubao huo kati unajikunja mbele ya macho yake. Lakini bila moto, matundu yakiwa wazi, bani lina kuta, paa na kivuli, na linakuwa tupu kiangazi, wakati ambao unalihitaji. Mtaji ni sifuri kama ni lako. Muda unakaribia ule wa banda, pengine zaidi kidogo kwa sababu upepo ni haba. Mchwa wa sakafuni waangalie kila wiki.

Popote utakapokaushia, usiamini mkono wala mlio wa kugonga. Tenga kipande kimoja katikati ya rundo, kipime kwa mizani kila wiki, uandike. Uzito ukikaa palepale wiki mbili tatu, kimefikia kile ambacho hewa inaweza kutoa. Ukitaka asilimia ya unyevu, kata kipande kidogo, kipime, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi kisipungue tena. Kilichokuwa gramu 180 kikabaki 150 kimepoteza 30. Gawanya kwa 150, ni asilimia 20. Hapo kinafaa kenchi na papi za paa. Mlango, bado.

Kwa hali yako

Una mwembe mmoja uani, nyumba zimekubana, gari haliingii, na unataka meza: chensoo yenye fremu, au wapasuaji wa mkono ukiwapata walio wazuri. Pasua vipande vinene, vikae banda la kivuli, na uwe tayari kusubiri kiangazi kizima au zaidi.

Wewe ni mkuu wa shule au mwenyekiti wa kamati, mmekata mikaratusi ishirini na mnahitaji madawati: leteni mashine, lakini jengeni banda kabla ya kukata mti wa kwanza. Mikaratusi haitawasubiri mkiwa mnatafuta bati.

Una karakana ya samani na unaokota magogo mwaka mzima: hapa tanuri la jua linaanza kujilipa, kwa sababu masika hayatakusimamisha. Banda la kivuli bado utalihitaji, liwe chumba cha kusubiria.

Unajenga, unataka mbao za kenchi tu: msumeno wowote unatosha, ukavu wa hewa unatosha. Fedha uliyookoa itumie kwenye dawa ya mchwa.

Gogo limeanguka Januari, mvua zinanyesha, huna banda wala bati. Kama ni mninga, na kibali unacho, hakuna haraka: ziba ncha kwa nta, liinue juu ya mawe, liweke kivulini hadi mvua zikatike. Kama ni mwembe au mkaratusi, omba nafasi kwenye ghala la jirani wiki hii, na mkikubaliana ndipo umpigie simu mpasuaji.